Gari la Bi Harusi Halizimwi

Vijana, siwaonei wivu. Ninawaona mnavyofungua boneti, mnachomeka kidude chini ya usukani, mnasoma simu, kisha mnamtajia mwenye gari ugonjwa wake kwa sauti ya daktari ambaye hajamgusa mgonjwa. Ni kazi safi. Sisi wake zetu walitujua kwa harufu kabla hatujapiga hodi. Naandika haya kwa sababu wengi wenu mnadhani kila injini yenye kompyuta iliingia nchi hii ikiwa tayari, kama mvua ya masika. Moja niliitengeneza mwenyewe hapa Gitega, kwa alumini ya sufuria. Na kwa sababu ya injini hiyo, leo mnachoma mafuta bure mbele ya makanisa na misikiti. Nitafika huko.

Gereji yetu ilikuwa kwenye barabara iendayo Mutaho, chini ya bati lililovuja mahali palepale kila mwaka. Tulikuwa tunahamisha gari badala ya kuziba tundu. Mimi, Yona, nilikulia Ulyankulu huko Tanzania, nikajifunza ufundi Tabora. Mwenzangu Kasimu ni mtoto wa Muyinga, wa mtaa wa Waswahili, na mwalimu wake alikuwa amefundishwa kazi na Wabelgiji. Tulipokutana, sote wawili tulisema Kiswahili na hatukuelewana. Yeye alipoitisha bujia nilidhani ni jina la mteja. Kumbe alitaka plagi.

Siku moja nilimwambia afungue stata ya teksi iliyokuwa haizunguki, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, stata ilikuwa mahali pake. Juu ya kitambaa safi mezani, Kasimu alikuwa amepanga vipande vya ile sehemu ya kabureta inayobana hewa asubuhi injini ikiwa baridi. Mimi naiita choki. Kwa Kifaransa chake, hiyo ndiyo starteri.

"Stata iko hapa, mzee. Nimeisafisha."

"Stata ni ile kubwa ya chini, inayozungusha injini."

"Ile ni demareri."

"Nani kakuambia?"

"Bo. We ulifundishwa na watu ya Waingereza, mi na watu ya Wabelgiji. Gari yenyewe ni ya Mfaransa. Tuiulize."

Tangu siku hiyo tulikubaliana kuonyeshana kwa kidole. Ni njia nzuri ya kazi na ninawausia muitumie. Ina kasoro moja tu: haifai kwenye simu.

Basi alikuwako mjane mmoja wa Muyinga, Mama Zaituni, ambaye marehemu mumewe, mfanyabiashara wa vitenge, alimwachia gari la Kifaransa la zama zile waundaji magari walipokuwa bado wanapenda mviringo. Jeupe, viti vya ngozi nyekundu, nikeli ya kukuonyesha meno yako. Mama Zaituni alilikodisha kwa harusi, kuanzia Muyinga hadi Gitega, na ndilo lililomlisha. Hakuliacha liende harusini peke yake. Alikaa kiti cha nyuma kama mama mzaa chema, bi harusi pembeni yake.

Sasa, kabureta. Ninyi mmeiona labda kwenye pikipiki. Ni bakuli dogo la mafuta lenye boya ndani, limekaa juu ya injini kama sufuria juu ya mafiga. Gari likienda kasi, hewa inalipoza. Lakini msafara wa harusi huenda mwendo wa kuku mwenye vifaranga, watu wakiimba pembeni, na milima yetu mnaijua. Mafuta kwenye bakuli yanachemka, yanageuka mvuke, injini inazima. Likipoa linawaka lenyewe kana kwamba halikufanya kitu. Ila bi harusi amekwisha kulia, na mashangazi wamekwisha kusema.

Lilizima hivyo na bi harusi mmoja kwenye mlima wa Gasorwe. Lilizima na wa pili mbele ya kanisa hapa Gitega, kwaya ikiwa imekwisha kuanza wimbo. Watu wakasema lina mkosi. Familia mbili zilizokwisha kulikodi zikatuma ujumbe wa adabu kwamba zimepata gari la ndugu. Shemeji yake Mama Zaituni, mdogo wa marehemu, akaanza kupita pale nyumbani na watu wanaoyeyusha vyuma, wakilizunguka gari na kuligonga kwa vidole kama watu wanaochagua nazi.

Mama Zaituni alikuja Gitega, akaketi kwenye benchi letu, akakunja mtandio magotini.

"Fundi Yona, mi sitaki gari ikimbie. Nataka isizime. Ikizima tena na bi harusi ndani, mara moja tu, shemeji ataniletea mizani ya chuma chakavu mpaka mlangoni. Na atakuwa na haki."

Mimi nilikuwa nimeirekebisha ile kabureta mpaka mikono yangu ikaijua gizani. Nilikuwa nimepunguza tundu za mafuta, maana huku juu hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopangwa kwa nchi ya chini hulewa, inatoa moshi mweusi. Aliyenifunza hilo ni Fundi Shabani wa Tabora, mzee aliyekuwa anaweka mpira wa maji sikioni, ncha ya pili kwenye mdomo wa kabureta, macho amefumba. "Sikiliza anavyopumua," aliniambia, "anavyosema usimjali." Nilimsikiliza mgonjwa wa Mama Zaituni kwa mpira huo. Alikuwa anapumua vizuri. Alikuwa amekaa jikoni tu, penye moto.

Kasimu ndiye aliyesema, "Tutoe kabirateri. Tuweke enjeksyo. Na kalkilateri yake."

Kalkilateri ni kompyuta ya gari, kwa lugha ya Kasimu. Mama Zaituni aliinua uso. "Kalkilateri ya nini tena? Mi na hii gari tumemaliza hesabu zamani."

Tulimweleza. Kwenye mfumo wa sindano, hiyo enjeksyo ya Kasimu, mafuta hayakai kwenye bakuli kusubiri kuchemka. Pampu ya umeme inayasukuma kwa nguvu mpaka kwenye sindano, sindano inayapuliza kama manukato, na yasiyotumika yanarudi tankini kwa bomba la pili. Yanazunguka muda wote. Kitu kinachotembea hakichemki upesi. Kompyuta inapima hewa, inapima joto, inaonja moshi kwenye ekzosi, kisha inaamua. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja ambalo wateja wenu wa siku hizi hawaulizi: "Na ikikosea, nani anaiambia?"

Tulienda kutafuta vifaa.

Tulivipata Muyinga, kwenye pikapu iliyoanguka ikabaki salama kuanzia kioo kwenda mbele, ajali ya huruma sana kwa fundi. Tulichukua kompyuta, sindano, pampu, sensa za kupima hewa na joto, na nyaya zake zote. Sikilizeni hapa: msikate nyaya ili muokoe muda. Fungeni kila tawi kitambaa cha rangi yake kabla ya kuchomoa. Sisi tulitumia vipande vya vitenge kutoka stoo ya marehemu, na kwa wiki kadhaa injini ile ilivaa kuliko wake zetu.

Sehemu ngumu ilikuwa kiti cha mfumo huo mpya. Mdomo wa hewa wa pikapu haukulingana na mahali kabureta ilipokaa. Tulihitaji kipande cha katikati, na hapa Burundi huendi dukani kukinunua. Tulikata mfano wake kwa mbao, tukaupeleka kwa wale wale waliokuwa wakiligonga gari kwa vidole, maana hao ndio wanaotengeneza sufuria. Wakaubana mfano kwenye mchanga, wakamimina alumini. Kipande kilitoka kizuri, na pembeni kikiwa na sikio dogo.

"Hili sikio la nini?" niliuliza.

"Mazoea," alisema yule fundi wa sufuria.

Hatukulikata. Lilifaa kufungia waya.

Mengine niyataje haraka. Tanki la zamani lina kutu. Tuliingiza changarawe na mnyororo, tukalitikisa mpaka maji yakatoka meupe. Kabureta ikimeza uchafu inakohoa, sindano hazikohoi, zinaziba. Mpira wa kawaida wa mafuta haufai, utapasuka kwa nguvu ya pampu, na utapasukia juu ya ekzosi. Na kabla ya kuilaumu kompyuta, kagueni waya unaounganisha injini na bodi. Yetu ilikuwa kila tukiwasha taa kubwa, injini inapanda mori. Kasimu akasema kasoro iko kwenye masi, mimi nikasema iko kwenye ethi, tukabishana vizuri, kisha tukanyoosha vidole na vikagusana kwenye waya mmoja.

Ilipowaka ikatulia, nilisimama na bisibisi yangu mkononi, sina pa kuitia. Injini ilikuwa inajirekebisha yenyewe. Sikumbuki kuwahi kujiona bure namna ile, labda siku ya harusi ya binti yangu.

Harusi ya kwanza ya gari hilo jipya la zamani ikaja. Bi harusi, Anjelina, alikuwa wa Gasorwe, upande wa Muyinga. Bwana harusi wa Bugendana, huku kwetu. Familia ya bwana harusi walikuwa watu waliorudi kutoka Tanzania kama mimi, na msemaji wao alikuwa mjomba wake, Nikodemu. Mafuta yalikuwa yameadimika kama yanavyoadimika. Kwa mila, upande wa bwana harusi ndio unaotia mafuta, lakini Bugendana hayakuwapo hata ya kunusa, na Muyinga iko karibu na mpaka. Kwa hiyo Nikodemu akampigia simu baba yake Anjelina, kwa unyenyekevu wote, akamwomba awasaidie kupata bidoo moja, yaani dumu, la petroli.

Ninyi mlio wa Bujumbura mmekwisha kucheka. Waliokulia Tanzania ngoja niwaeleze. Petroli tunayotia kwenye gari, huku inaitwa esansi. Petroli, kwa mtu wa vilima vya Gasorwe, ni mafuta ya taa.

Baba yake Anjelina alishangaa, nasikia, lakini hakuuliza. Mkwe haulizwi. Mkwe akiomba jiwe unamuuliza tu kama analitaka limeoshwa. Alizunguka sokoni akinunua chupa kwa chupa mpaka bidoo likajaa, akalifunga utepe.

Siku yenyewe tulifika Gasorwe, Kasimu akiendesha, mimi kando yake. Tulikaribishwa kula, na mimi nilikuwa mbele ya maharage na ndizi wakati Nikodemu alipopokea bidoo, akatoa hotuba juu ya udugu wa mikoa miwili, kisha akaligeuza lote kwenye tanki kwa mkono wake, amejipaka manukato ya kutosha kufunika harufu ya kisima cha mafuta.

Tulitoka vizuri. Tankini mlikuwa bado na esansi yetu, na injini ilikuwa ya moto. Ilikuwa kwenye mlima mrefu wa kwanza niliposikia kitu kikigonga kidogo ndani ya injini, ta-ta-ta, kama mahindi yanayoanza kupasuka kikaangoni. Nguvu ikapungua. Kwenye kioo cha pembeni nikaona moshi mweupe. Kisha taa ndogo ya njano, ile ya kompyuta, ambayo tuliifunga palipokuwa na kiwashia sigara, ikawaka.

"Wameweka na taa," alisema shangazi yake Anjelina nyuma yetu. "Inapendeza."

"Nasikia harufu kama jikoni kwa bibi," alisema Anjelina.

Nilimgeukia. "Mwanangu, mafuta haya baba yako aliyapata wapi?"

"Sokoni. Alizunguka soko zima akitafuta petroli."

"Petroli ipi?"

"Ya taa." Alinitazama kwa huruma. "Kuna ingine?"

Kasimu hakuondoa macho barabarani. "Esansi, Yona. Miaka yote mi nakuambia na watu yako, semeni esansi."

Mama Zaituni alikuwa ameketi katikati ya kiti cha nyuma. "Semeni kwa lugha yangu," alisema. "Itazima?"

Nilimwambia ukweli. Injini ya zamani kama hii haina mbano mkali, haibani hewa na mafuta kwa nguvu. Ikiwa ya moto, itameza mchanganyiko huo ikinung'unika. Kompyuta ilikuwa inaonja moshi, haielewi inachoonja, na inajitahidi. Lakini mafuta ya taa hayawashi injini iliyopoa. Tukizima, hata kwa muda wa salamu, haitawaka tena mpaka tanki limwagwe.

"Basi tusizime," alisema.

"Mutaho, mama. Tunasimama Mutaho."

Mutaho alikaa babu yake bwana harusi, Mzee Silvesta, ambaye asingeweza kufika Bugendana kwa sababu ya miguu. Ilipangwa msafara upite kwake, abariki. Tulimkuta ameketi kando ya barabara kwenye kigoda, koti la harusi yake mwenyewe begani, ndugu wamejipanga nyuma yake, na wanaume wa baiskeli wamesimama kutazama. Anjelina na shangazi yake walishuka. Kasimu alibaki, mguu juu ya mafuta, taa ya njano ikimtazama.

Mzee Silvesta alivua kofia. Akangoja. Injini ikanguruma. Akaivaa tena.

"Zimeni gari, tuombe."

Nilianza kushuka ili nimweleze mambo ya mbano na mvuke, na namshukuru Mungu kwamba Mama Zaituni alikuwa mwepesi kuliko mimi. Alitoka, akafunga mlango taratibu, akaenda akainama mbele ya kile kigoda.

"Amahoro, mzee wangu. Utuwie radhi. Gari ya bi harusi haizimwi mpaka amefika kwa mume. Ikizima njiani, ni kama yeye mwenyewe amesitasita."

Mzee alilitazama gari, akautazama moshi. Alikuwa mtu aliyeomba Mungu miaka mingi bila kushindana na ekzosi, na usoni ilionekana.

"Ni mila ya kwenu Muyinga?"

"Mila haina kwao, mzee."

Alifikiri. Nyuma yake wanawe walitazamana. Wao walikuwa upande wa bwana harusi, na mila ya wakwe haihojiwi. Shangazi yake Anjelina naye aliinamisha kichwa kwa heshima. Alikuwa ametoka Gasorwe, hakuwahi kusikia jambo hilo maishani, akadhani kwamba ni mila ya huku.

"Basi iacheni ipumue," alisema Mzee Silvesta.

Akaomba. Aliomba kwa sauti ya kuishinda injini, na kwa kuwa alikuwa amepandisha sauti hakuona sababu ya kufupisha. Aliombea tumbo la Anjelina, ng'ombe wasiokuwepo, mvua, viongozi, wasafiri wote. Kila alipovuta pumzi nilisikia injini ikiyumba, na kila ilipoyumba kompyuta iliishika, kama mtu anayemshika mlevi kwapa bila kumjua jina. Nilikuwa na miaka yangu yote ya ufundi pale kitini, na kazi niliyobaki nayo ilikuwa kusema amina.

Tulifika Bugendana. Anjelina aliposhuka na kushikwa mkono na mumewe, Kasimu aligeuza ufunguo na gari likazima kama mtu aliyerusha mzigo chini. Alasiri tulijaribu kuliwasha, kwa kuhakikisha tu. Halikujibu. Tulilisukuma nyuma ya migomba wakati watu wanacheza, tukasema tunaliepusha na jua. Tukamwaga tanki, tukabadilisha na oili, maana mafuta ya taa huosha oili kwenye kuta za injini, msilisahau hilo. Na mchanganyiko kama ule msiutie kwenye taa ya mtu hata akiwabembeleza, unalipuka. Osheeni vyuma.

Nikodemu hadi leo anaamini aliletewa petroli. Mkwe wake anaamini aliombwa mafuta ya taa, na kwamba watu wa Bugendana wana matumizi yao. Undugu wao ni mzuri sana.

Wiki ile ile mtu wa Mutaho alimpigia simu Mama Zaituni kuulizia lile gari lisilozimwa. Kisha mwingine, wa Gasorwe. Mashangazi walikuwa wamesema, safari hii kwa upande wetu. Shemeji yake aliacha kuja na wale watu wa chuma, akaanza kuwaambia wageni kwamba gari ni urithi wa ukoo. Mama Zaituni alinunua vitambaa vipya vya viti.

Na mila ikatembea. Upande wa bwana harusi uliishika kwa kuwaheshimu wa bi harusi, upande wa bi harusi kwa kuwaheshimu wa bwana harusi, na kwa kuwa mkwe haulizwi, hapakuwa na mtu wa kuizuia. Wenye magari ya kabureta nao wakaacha kuzima, wakasimama jua kali wakinguruma, bakuli likachemka, na magari yaliyokuwa hayajawahi kuzima harusini yakaanza kuzima. Kasimu alipata kazi nyingi.

Majuzi nilipita kwenye harusi hapa Gitega. Gari lilikuwa limesimama mbele ya kanisa, jipya, la kompyuta tupu, dereva amelala na injini inakwenda. Mtaa wa pili watu walikuwa kwenye foleni ya mafuta tangu alfajiri. Nilimgongea kioo nikamwomba azime kidogo.

Mama mmoja mzee, mwenye rubega ya sherehe, alinivuta mkono. Aliniambia ametoka Mutaho.

"Mzee, muache kijana. Gari la bi harusi halizimwi."

"Kwa nini, mama?"

"Ni mila. Tangu babu zetu." Alinisikiliza matamshi yangu, akanipima kuanzia viatu. "We ulikulia Tanzania. Huwezi kujua mambo ya huku."

"Ni kweli, mama," nilisema, nikasogea pembeni kupisha moshi.